Nani Apewe Kata ya Mzee Ndahani

Kataa. Kataa sasa hivi, kabla sijaanza, ili nikimaliza nione unavyotafuta pa kuuficha uso wako. Wenye digrii zao walishakataa, wakaishia kunyamaza. Mimi shule niliiacha darasa la sita, na mpaka leo sijasikia kwamba shule inanitafuta. Lakini kichwa cha mtu nakijua. Mikononi mwangu vimepita vichwa vya wachungaji na vichwa vya wezi, na vikishapakwa povu vyote ni sawa. Katika kijiji kizima cha mizabibu, kuanzia barabara ya lami hadi bwawani, hakuna kinyozi anayenifikia. Wapo wanaojaribu. Nawaombea.

Haya, kaa. Kama huamini, usiamini ukiwa umekaa.

Hapo zamani, na usiniulize ni zamani gani hiyo yenye hospitali na simu, ni zamani yangu na msimulizi ni mimi, hapo zamani palikuwa na mzee mmoja wa Kigogo, mkulima wa zabibu, jina lake Mzee Ndahani. Alikuwa na mke, Bibi Mbeleje. Alikuwa na mtoto wa kiume, Elieza, fundi wa kujenga nyumba. Alikuwa na mtoto wa kike, Sechelela, mshonaji wa nguo mjini. Na alikuwa na kata.

Kata yenyewe ilikuwa ya kibuyu, imekuwa nyeusi kwa moshi, mpini wake umelainishwa na viganja vya watu waliokwisha kuzikwa. Katika nyumba ile mgeni hanywi kitu mpaka mwenye kata achote, aonje mbele ya macho ya mgeni, ameze. Iwe pombe, iwe togwa, iwe maji matupu. Maana yake ni kwamba kama humu mna ubaya, tunakwenda wote. Na anayeshika kata ndiye mwenye nyumba. Asipokuwapo wa kuishika, nyumba ile hainyweshi mtu.

Mzee Ndahani aliipeleka desturi hii mbali kuliko babu zake. Yeye mwenyewe hakunywa kitu cha kupewa, hata cha mkewe, bila kusema, "Onja nione." Na hakuwa anatazama mdomo. Alikuwa anatazama koo. Mdomo unaweza kuigiza. Koo likipanda, koo likishuka, kitu kimeingia.

Mimi nilimpelekea soda siku moja nilipokwenda kumnyoa. Akasema, "Onja nione." Nikaonja. Akaitazama chupa, akanitazama mimi. "Kinyozi, nimesema uonje. Sijasema uhamishe."

Ndivyo alivyokuwa. Sasa acha kucheka, maana vichekesho vyenyewe vinaishia karibu na hapa.

Mzee akaanza kukonda huku tumbo likikua. Mikono ikawa vijiti, tumbo likawa la mama mjamzito. Macho yakawa ya manjano kama zabibu nyeupe zilizoiva. Elieza akaacha ukuta wa watu katikati, akampeleka baba yake hospitali ya mjini. Wakampiga picha za tumbo, wakamtoa damu, wakampunguza maji yaliyojaa tumboni. Kisha daktari akamwita Elieza pembeni.

"Baba yako ana saratani ya ini," daktari akasema. "Imekuwa kubwa, na imeshatoka nje ya ini. Kupasua hakutasaidia. Kumponya hatuwezi, na asikudanganye mtu. Maumivu tunaweza kuyatuliza."

Akampeleka kwa nesi wa tiba shufaa, ile huduma ya watu ambao ugonjwa wao hauponi lakini hawastahili kuachwa wateseke. Nesi akampa chupa ya mofini, dawa ya maji, na kijiko chake cha kupimia kimefungwa shingoni mwa chupa kwa uzi. Akamweleza vizuri. Kiasi hiki, kwa nafasi hii, na ikipungua njoo nikupe nyingine. Kisha akamwinulia kidole. "Hii ni ya mgonjwa peke yake. Asionje mtu mwingine, hata kwa kujaribu. Umenisikia?"

Elieza alisikia. Nesi yule alijua dawa. Hakujua kata.

Wakarudi. Mzee akalazwa kwenye kitanda cha kamba. Elieza akapiga magoti kando yake.

"Baba, nikwambie au nikufiche?"

"Nimekuzaa ili unifiche?"

"Daktari amesema ni saratani ya ini. Amesema haiponi. Hii hapa ni ya kutuliza maumivu."

Mzee akageuza kichwa. Akaitazama chupa. "Onja nione."

"Nimekatazwa, baba. Nesi amesema ni ya mgonjwa tu."

"Onja, Elieza."

"Siwezi, baba."

Wewe ungegusisha mdomo tu, ukajifanya umemeza. Usibishe, ungegusisha. Mimi ningegusisha na kulamba midomo juu yake. Elieza hajui mambo hayo. Huyo ni mtu wa timazi, kwake ukuta umesimama wima au haukusimama wima. Akabaki ameshika kijiko, koo lake halipandi wala halishuki.

Mzee akageukia ukutani. "Mkono mmoja umeniletea kifo," akasema. "Mkono wa pili umeniletea kitu ambacho wewe mwenyewe unakiogopa. Kiondoe. Na wewe ondoka nacho."

Elieza akaiweka chupa nyuma ya mtungi wa maji, akatoka. Kuanzia siku hiyo hakuingia tena chumbani mwa baba yake. Alikuja kila jioni akitoka kazini, akakaa nje kwenye tofali akimsikiliza baba yake kupitia dirishani, kisha akaenda kwake.

Huyo ni wa kwanza. Mweke hapo.

Sechelela alipata habari kwa simu. Kaka yake alimwambia vilevile alivyomwambia baba yao, haiponi. Akazima cherehani. Akauliza huku na huku, akaulizia kwa wateja, mpaka akaonyeshwa bwana mmoja mwenye koti jeupe na meno mazuri. Bwana huyo hakuwa na hospitali. Alikuwa na chumba, na ndani ya chumba alikuwa na makopo ya vitamini. Alipomwuliza Sechelela baba yake anafanya kazi gani, akasema ni mkulima wa zabibu. Yule bwana akatabasamu kama mtu aliyeokota ufunguo.

"Basi yeye ataelewa haraka kuliko madaktari," akasema. "Mzabibu ukipogolewa unaonekana umekufa, si ndiyo? Fimbo tupu. Ukiumwagilia, unachipua. Ini ni hivyohivyo. Lina njaa ya vitamini tu. Lishibishe, litachipua."

Sechelela akafika nyumbani na kopo kifuani kama mtoto mchanga. Unga ulikuwa wa rangi ya chungwa. Ukiutia kwenye maji unachemka bila moto. Akamweleza baba yake habari ya mzabibu, neno kwa neno. Mzee, ambaye mkasi wa kupogolea ulikuwa umemwotesha sugu tangu ujana, akainua kichwa.

"Onja nione."

Sechelela akaonja. Koo likapanda, koo likashuka. Mzee akanywa.

Jioni Elieza akamkuta dada yake uani. "Daktari umemwuliza?"

"Daktari wako si ndiye aliyekata tamaa?"

"Hakukata tamaa. Alisema ukweli."

"Basi upike huo ukweli umpe baba, tuone kama atashiba."

Sasa nakwambia nilichokiona kwa macho yangu. Mzee aliinuka. Ndiyo, aliinuka! Najua utasema ni kwa sababu hospitali ilikuwa imempunguza maji tumboni, na huenda usemavyo ni kweli, mimi si daktari, mimi ni zaidi. Lakini aliinuka. Sechelela alimshika mkono asubuhi, wakaenda hadi shambani. Alikaa kwenye gogo kati ya mistari ya mizabibu akitoa amri. Akashika mkasi, akapogoa mche mmoja. Siku moja nilimnyolea hukohuko shambani, akaniambia nimemnyoa kama mbuzi wa mahari. Sechelela akacheka mpaka akakaa chini. Kila asubuhi kikombe, onja nione, koo likapanda, koo likashuka, mzee akanywa, wakaenda shambani. Binti yule alinawiri. Alishona mapazia ya chumba cha baba yake, ya maua, ya mtu anayetarajiwa kuyatazama kwa muda mrefu.

Ilipofika siku ya kurudi hospitali, Sechelela akasema, "Turudi kufanya nini? Wakatuambie tena?" Hawakurudi.

Huyo ni wa pili. Mweke hapo, usimchanganye na wa kwanza.

Kisha maumivu yakaja yenyewe, si yale madogo ya mwanzo. Tumbo likajaa upya. Mzee akaacha kwenda shambani, kisha akaacha kwenda uani, kisha akaacha kukaa. Aliuma shuka ili asipige kelele, na shuka lile nililiona, lilikuwa limetoboka. Sechelela akaongeza unga. "Mizizi inashika, baba," akasema, "lazima iume." Akaonja. Koo likapanda, koo likashuka. Mzee akanywa, akauma shuka. Huko nje Elieza alikaa kwenye tofali na kichwa katikati ya magoti. Alijua kilichopo nyuma ya mtungi. Baba yake alijua. Wote walijua, na hakuna aliyetamka.

Bibi Mbeleje ni mwanamke wa maneno machache. Ukimwamkia anaitika, ukimaliza kuamkia na yeye amemaliza. Siku hiyo Sechelela alikuwa amekwenda mjini kufuata kopo jingine. Bibi akamkuta mumewe ameshika ukingo wa kitanda, kucha zimeingia kwenye kamba. Akaenda nyuma ya mtungi, akafungua uzi, akapima kijiko kama Elieza alivyomweleza siku walipotoka hospitali. Akakimimina kwenye kikombe. Akatia maji, akatia unga wa chungwa uliobaki, ukachemka bila moto. Akaja.

"Baba Elieza, vitamini yako."

"Onja nione."

Akaonja. Alikuwa anajua amekatazwa, na alikuwa anajua mumewe hatazami mdomo. Koo likapanda, koo likashuka. Mzee akanywa.

Kitambo kidogo, vidole vikaachia kamba. Mzee akalala, usingizi wa mtoto aliyenyonya.

Toka hapo kila kikombe alikitengeneza yeye. Sechelela alifurahi, akidhani mama yake sasa ameamini. "Unaona, mama? Mizizi imeshika. Haimwumi tena." Bibi akaitika tu. Lakini kila mzee alipokunywa, bibi naye alikuwa amekunywa. Akaanza kusinzia. Alisinzia akichambua mboga, akasinzia ameshika mwiko, akasinzia kando ya kitanda, kidevu kifuani, mgonjwa yuko macho anamtazama. Majirani waliokuja kuona mgonjwa wakarudi na habari. Mke gani huyu? Mume anakufa, yeye anakoroma. Sechelela mwenyewe alimtikisa bega mbele ya wageni. "Mama! Aibu! Unalala?" Bibi akafumbua macho mazito, akasema, "Nisamehe, mwanangu."

Na Elieza? Jioni moja alichungulia nyuma ya mtungi akaona dawa imepungua. Hakumwuliza mtu. Akaenda hospitali, akarudi na chupa nyingine, akaiweka palepale, akakaa kwenye tofali lake.

Huyo bibi ni wa tatu.

Siku mzee alipojua ni siku yake, aliwaita. Elieza akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Nami nilikuwapo, nimetoka kumnyoa. Mzee akaomba kata iletwe, akaiweka juu ya tumbo lake lile kubwa, ikapanda na kushuka kwa pumzi yake.

"Kata hii," akasema, "apewe aliyeniondolea maumivu. Mtajuana."

Mchana uleule akalala, hakuamka.

Tukazika. Watu wakajaa uani, jua la Dodoma kama ulijuavyo, na hakuna aliyenyweshwa hata tone, maana kata haina mwenyewe. Wazee wa ukoo, midomo imekauka, wakasema maneno haya hayawezi kungoja. Nani alimwondolea maumivu? Asimame.

Sechelela akasimama. "Baba alikuwa amelala anangoja kufa, kwa sababu kuna mtu alimwambia afe. Nani alimwinua? Nani alimfikisha shambani? Mlimwona anapogoa, mlimsikia anatania. Kukata tamaa ndiyo maumivu makubwa, na hayo nilimwondolea mimi. Akanywa dawa yangu hadi mwisho, akafa hasikii maumivu. Kata ni yangu."

Elieza akasimama. "Unga wako ni wa kuburudisha koo, dada. Kilichomlaza baba kiko nyuma ya mtungi, nendeni mkakitazame. Nilikileta mimi. Nilimwambia ukweli, nikafukuzwa kwa ule ukweli, na bado nikaenda kuleta nyingine. Mimi ndiye niliyekaa nje ya dirisha nasikia kila kitu bila ruhusa ya kumshika mkono. Kata ni yangu."

Watu wakageuka kumtazama bibi. Naye akasimama, na ndipo tuliposikia sauti yake kwa urefu, wengine kwa mara ya kwanza.

"Ilikuwa nyuma ya mtungi, ni kweli," akasema. "Na ingekuwapo hadi leo, imejaa. Elieza hakuweza kuionja. Sechelela hakutaka kuiona. Mlipokuwa mnabishana uani, mimi nilikuwa ndani nasikia meno yake kwenye shuka. Niliichanganya kwenye unga wako, mwanangu. Niliionja mbele yake, kikombe baada ya kikombe, nikameza nilichokatazwa. Mlinicheka kwamba nasinzia. Nilikuwa nimekunywa sehemu ya usingizi wake. Kata ni yangu."

Sechelela akamgeukia mama yake.

"Kwa hiyo ulimdanganya baba," Sechelela akasema.

"Ndiyo."

"Ukatumia jina la dawa yangu."

"Ndiyo."

"Amekufa hajui anachonyweshwa! Yeye, Ndahani! Mtu wa onja nione!"

"Ndiyo, mwanangu."

Wazee wakashindwa. Kila waliyemwelekea, kulikuwa na wawili wa kuwarudisha. Wengine wakasema Elieza, bila yeye pasingekuwa na dawa. Wakajibiwa kwamba dawa ya nyuma ya mtungi haimlazi mtu. Wengine wakasema Sechelela, bila unga wake mzee asingekubali kikombe. Wakajibiwa kwamba bila unga wake mzee angerudi hospitali mapema. Wengine wakasema bibi. Hao wakajibiwa kwa kunong'ona, na kunong'ona ndiko kulikoshinda. Mwanamke aliyemlevya mumewe. Kama aliweza kumchanganyia, alichanganya nini kingine? Tangu siku ile bibi akikoroga uji wa waombolezaji, ambao ni chakula na haungoji kata, kila mtu anadai ameshiba. Nimemwona akimwaga sufuria nzima chini ya mzabibu, polepole, asubuhi.

Basi sema wewe. Wewe unayetikisa kichwa, mwenye akili nyingi, sema. Mleta ukweli aliyeshindwa kumeza? Mleta matumaini yasiyoponya? Au mleta usingizi kwa uongo?

Umekwama. Nilikwambia.

Lakini ngoja, usiinuke. Kuna kipande nimekiruka. Nimekiruka kwa makusudi, na nimekiruka mbele ya watu wakubwa kuliko wewe.

Kwanza, si zamani. Nilisema zamani ili mdomo wangu upate ujasiri. Kaburi la Mzee Ndahani bado udongo wake haujashikana.

Pili, ni ile siku nilipomnyoa mara ya mwisho, kabla hajawaita. Bibi alikuwa amekwishatengeneza kikombe, akakiweka kigodani, halafu akaitwa nje, mbuzi wameingia shambani. Tukabaki wawili. Maumivu yakaanza kumpanda, nikayaona usoni, chini ya povu langu. Akakinyooshea kikombe kidole.

"Kinyozi. Onja nione."

Mimi ni mtu wa sifa. Sikuonja kama wengine, nilipiga funda. Na unga wa Sechelela nilikuwa naujua, niliwahi kumwomba aniwekee kidogo nijaribu, ulikuwa mtamu kama juisi ya chungwa. Hiki kilikuwa kichungu. Chini ya chungwa kulikuwa na uchungu umejificha. Uso ukanikunjamana kabla sijauzuia.

Mzee akacheka, kicheko cha pumzi tu. "Kichungu?"

"Kichungu, mzee."

"Kinachoumwa ni ini, kinyozi. Ulimi wangu mzima."

Wembe ukaniganda mkononi. "Kumbe ulijua?"

"Tangu kikombe cha kwanza."

"Na ukanywa?"

"Mke wangu alionja. Nikalitazama koo lake." Akafumba macho kidogo. "Anasinzia, maskini. Nikiwa macho namtazama anavyosinzia."

Nikamwuliza, na hizo vitamini je? Habari ya mzabibu na kuchipua? Akanitazama kwa yale macho ya manjano.

"Nimepogoa tangu sijaota ndevu, we mtoto. Tawi lililolala na tawi lililokufa, nitashindwa kuyatofautisha? Siku Elieza aliponiambia, nilijua hadanganyi. Lakini Sechelela alinitazama koo, kama nilivyomfundisha mwenyewe. Koo langu lisingeshuka, angekufa yeye kwanza kwa huzuni."

"Basi waambie, mzee! Mwite Elieza aingie ndani!"

"Nikimwita Elieza, nimemwambia dada yake kwamba alininywesha maji ya rangi. Nikimshukuru mama yao, nimemwambia hivyohivyo. Unanielewa? Kila neno zuri nililo nalo linamwangukia mmoja wao." Akapokea kikombe, akanywa chote. "Wewe una mdomo mkubwa, kinyozi. Hebu tuone kama unao na mfuniko."

Bibi akarudi, akakuta kikombe kitupu. Akanitazama. Nikampangusa mzee povu.

Ndicho kipande chenyewe. Sasa sikiliza kwa nini nakutolea wewe. Kesho ni siku ya kuondoa matanga. Wafiwa wote wananyolewa, na katika ukoo ule kichwa cha kwanza kushikwa na kinyozi ni cha mwenye kata. Wazee walipoona wameshindwa, wakauliza kama kuna mtu aliyeijua nyumba ile kwa ndani. Na mimi, kwa huu mdomo wangu, mbele ya umati mzima nikapiga kifua nikasema, "Niachieni mimi." Wakaniachia.

Nikisema nilichosikia, watu watakunywa tena uji wa Bibi Mbeleje, maana mumewe alijua na akakubali. Elieza atajua kwamba alipokuwa amekaa kwenye tofali, aliyekuwa ndani alikuwa amemwamini. Lakini Sechelela je? Atajua kwamba zile asubuhi za shambani, akidhani anamlea baba yake, baba yake ndiye aliyekuwa anamlea yeye. Mapazia yale ya maua bado yananing'inia, kila siku anayafuta vumbi. Nikinyamaza, binti anabaki na baba aliyefufuka kidogo mikononi mwake, na mama yake anabaki anamwaga uji.

Wembe nimeunoa. Kiti nimekipangusa. Watakuja watatu, na kiti ni kimoja, na kwa mara ya kwanza tangu nimeacha shule natamani pangekuwa na mwalimu mbele yangu, hata yule aliyekuwa akinichapa.

Wewe uliyekaa hapo tangu mwanzo, uliyekataa na sasa huwezi kukataa, hebu niambie. Je, nani alistahili kata? Kesho nianze na kichwa cha nani?